Utamu wa Vita vya Mchezo

Mchezo ni neno jepesi kinywani, walakini si jepesi katika mizani ya fikra. Watu wazima hulitumia kuwaonya watoto. Husema jambo fulani si mchezo wakitaka kueleza kuwa lina uzito. Hata hivyo, watu hao hao wamalizapo kazi za mchana huketi kivulini, hupanga kete zao, na hupigana vita visivyo na damu mpaka jua litue. Watoto wao nao, wenye simu au mitambo ya michezo ya video, hupigana vita vyao juu ya kioo mpaka usiku wa manane. Mzee na kijana hutazamana kwa dharau, kila mmoja akidhani kuwa mwenziwe anapoteza wakati. Kumbe wote wawili wameketi mbele ya swali moja. Kwa nini vita, ambavyo katika maisha ni msiba, katika mchezo huwa vitamu? Na je, utamu huo ni halali kwa mtu mwema?

Olmotonyi ni mahali pafaapo kuulizia swali hilo. Mahali hapo pako kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Ngaramtoni, si mbali na jiji la Arusha, na hujulikana zaidi kwa Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937. Mgeni apitaye katikati ya misindano iliyopandwa kwa mistari hudhani kuwa nchi hii haikujua kamwe jambo lingine ila utulivu. Lakini mlima huu ulipata kuona vita vya kweli. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa katika nchi ya Wameru. Wajerumani, chini ya Kurt Johannes na pamoja na wasaidizi wao kutoka Uchaga, waliwaadhibu Wameru na Waarusha kwa risasi na moto, wakateka mifugo yao. Na ilipofika mwaka 1900 Boma la Arusha lilikuwa limesimama, dalili ya utawala mpya. Kijana wa Olmotonyi ashikapo simu leo na kuingia vitani, anachezea kwa vidole jambo ambalo wazee wake walilikabili kwa ngao. Si ajabu basi mtu akiuliza kama ni adabu kulichezea.

Jibu la kwanza, ambalo hutolewa kwa haraka na wazazi na wahubiri, ni kwamba utamu wa vita vya mchezo hutokana na kuharibu. Yasemwa kuwa ndani ya kila mtu kuna mnyama, na kwamba mchezo humfungulia mnyama huyo mlango. Jibu hili lina sehemu ya ukweli. Mshindo, mwanga na kishindo cha adui anayeanguka hupendeza macho na masikio, na wauzaji wa michezo hulijua jambo hilo vyema. Walakini kama kuharibu kungekuwa ndiyo asili ya utamu, mchezo mtamu kuliko yote ungekuwa ule ambao maadui huanguka kwa kuguswa tu. Mambo hayaendi hivyo. Mpe kijana silaha isiyoshindwa na jeshi lisilojitetea. Saa ya kwanza atacheka, saa ya pili atapiga miayo, na kesho yake hataugusa mchezo huo. Mnyama anayesingiziwa alikuwa na chakula tele mbele yake, naye amekiacha.

Historia ya michezo hii yashuhudia jambo hilo tangu mwanzo. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, Steve Russell na wenziwe walitunga mchezo wa kompyuta ulioitwa Spacewar!. Vyombo viwili vya angani vilipigana karibu na nyota yenye mvuto. Hapakuwa na damu wala sura ya mtu. Palikuwa na nukta za mwanga tu. Makombora yalikuwa na kikomo, mafuta yalikuwa na kikomo, na nyota ile ilimvuta kila asiyejiangalia. Mchezaji alilazimika kuamua: atumie mafuta yake sasa ili akwepe, au ayaweke akiba na kuutumia mvuto wa nyota kumzunguka mwenziwe? Uhaba ule na nyota ile ndivyo vilivyoufanya mchezo. Viondoe, na vyombo vile viwili havina cha kufanya ila kurushiana makombora ovyo.

Jibu la pili huja kutoka kwa wachezaji wenyewe. Wao husema kuwa utamu hutokana na ugumu. Jibu hili ni bora kuliko la kwanza, na lina mtetezi mwenye heshima. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kuwa kucheza ni kujitakia vikwazo ambavyo si vya lazima. Mcheza mpira ana mikono miwili mizima, naye hukubali kutoitumia. Akiichukua sheria hiyo kuwa upuuzi, mpira wenyewe umekwisha. Vivyo hivyo mpiganaji wa mchezo hukubali mafuta machache, ngao nyembamba na adui mwepesi, kwa sababu bila mambo hayo hana cha kushinda.

Lakini ugumu peke yake hautoshi. Kuna mchezo mgumu unaomfanya mtu aseme, “Nitarudi tena,” na kuna mchezo mgumu unaomfanya atake kuitupa simu ukutani. Pigo linalotoka nyuma bila sauti wala dalili ni gumu kulikwepa, lakini halina utamu wowote. Tofauti ya michezo hiyo miwili haiko katika wingi wa kushindwa. Iko katika namna ya kushindwa. Kuna kushindwa ambako mtu aweza kukueleza: alikwenda haraka, alitamani mno, hakutazama upande wa kushoto. Na kuna kushindwa kusikoelezeka, ambako mtu huanguka tu, kama aliyekanyaga shimo gizani. Kushindwa kwa kwanza humwachia mtu elimu. Kushindwa kwa pili humwachia hasira. Basi kinachotafutwa na mpiganaji wa mchezo, hata asipolijua jina lake, ni haki.

Jambo hili huonekana wazi katika ufundi wa kutunga pigo. Katika michezo ya ngumi kama Tekken, pigo moja lina nyakati tatu: wakati wa kuanza, wakati wa kutua, na wakati wa kiungo kurudi mahali pake. Kwa kawaida pigo zito hukawia kuanza au hukawia kurudi, na kukawia huko ndiko bei yake. Arushaye pigo zito huweka rehani usalama wake. Likikosa, mwenziwe ana nafasi halali ya kumwadhibu. Kila pigo, kwa hiyo, ni usemi na pia ni hatari. Mchezaji stadi hupigana na mikono ya mwenziwe na pia na mazoea yake: hujua kuwa huyu hupenda kuruka akibanwa, na yule hurusha teke kila afadhaikapo. Katika Afrika ya Mashariki ustadi huu una watu wake wa kujivunia. Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya kigeni ya UYU kwa ajili ya Tekken, katika uwanja ambao wengi walidhani ni wa wanaume tu. Vidole vyepesi peke yake havimfikishi mtu huko. Hapana budi ajue kumsoma mwenziwe.

Mtungaji wa Kijapani Hidetaka Miyazaki alilichukua wazo hilo mbali zaidi katika mchezo wa Dark Souls wa mwaka 2011. Mchezo huo ulipata sifa ya kuwa mgumu kupindukia, lakini wapenzi wake husisitiza kuwa aghalabu ni wa haki. Adui huinua upanga wake kabla ya kupiga, na mwenye kutazama huona. Kila pigo na kila hatua ya kukwepa humpunguzia mchezaji pumzi, na mwenye kupiga ovyo hujikuta hana nguvu za kujikinga. Mchezo hauangalii hasira ya mtu. Huangalia kipimo chake. Kwa hiyo yule afaye mara ishirini kwenye daraja moja, akivuka mara ya ishirini na moja, hafurahii maiti ya adui. Hufurahi kwamba yeye si mtu yule aliyeanza.

Wala fikra hizi hazikuletwa Afrika ya Mashariki na umeme. Bao la Kiswahili lilizijua zamani. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, na kete zake ni 64, nusu kwa kila mchezaji. Mwanzoni kila mmoja huweka kete 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja katika kunamua. Baada ya hapo hakuna kete mpya; vita vyote vya mtaji hupiganwa kwa zilizopo. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa, wala bahati ya kusingizia. Mwenye kushindwa katika bao hawezi kuulaumu ubao. Jamii zisemazo Kimaa, ambazo Waarusha ni mojawapo, zina mchezo wa ukoo huo uitwao enkeshui, na mtu aijuaye enkeshui hahitaji kuelezwa na mtaalamu wa kompyuta maana ya mkakati.

Mambo mawili katika bao yastahili kuzingatiwa na kila atungaye mapigano. La kwanza ni nyumba. Shimo hili huanza na kete sita, na hukua kadiri vita vinavyoendelea. Kuna wakati mwenye nyumba hupewa hiari: kete yake ya mwisho ikiangukia humo wakati anakula, aweza kusimama na kuilinda akiba yake, au aweza kuivunja na kuisambaza ubaoni. Akiilinda sana, yaweza kuliwa yote kwa pigo moja. Akiivunja mapema, hana cha kutegemea baadaye. Hakuna jibu moja lililo sahihi siku zote, na kwa kuwa hakuna, mtu hujifunua tabia yake: bahili, mwenye papara, mwoga au mwenye subira. La pili ni namna ya kula. Kete zilizoliwa hazitupwi nje kama zitupwavyo za sataranji. Huingizwa upande wa aliyekula na kuanza kumtumikia. Toka mwanzo wa mtaji mpaka mwisho kete ni zile zile 64. Adui wa leo ni askari wa kesho, na aliyefilisika aweza kuzirudisha mali zake zote kwa zamu moja iliyofikiriwa vema. Mtafiti Alexander de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Zanzibar na kutoa kazi yake mwaka 1995, aliliona bao kuwa uwanja wa kupimia mipaka ya akili ya binadamu. Lastahili heshima hiyo.

Kwa hiyo mapigano yaliyotungwa vizuri na mkakati wenye akili hutegemeana. Mapigano ambayo njia moja hushinda daima huua fikra, kwa maana mchezaji akishaijua njia hiyo hana tena cha kuamua. Ndiyo maana mchezo wa StarCraft wa mwaka 1998 uliyapa mataifa yake matatu asili tatu tofauti, na watungaji wakaendelea kuyasawazisha ili lisiwepo moja la kuyameza mengine. Kila nguvu ilipewa udhaifu wake, na kila udhaifu ukapewa mlango wa kutokea. Utamu wa mkakati ni utamu wa kuamua jambo ambalo lingeweza kuamuliwa vingine, kisha kuyapokea matokeo yake bila ya kuwa na mtu wa kumsingizia.

Hata hivyo, mtu mwema aweza kuuliza: je, wale wasiopigana? Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia, na michezo mingi ya vita haikumbuki nyasi. Hapa pana mfano wa kutia moyo. Mchezo wa Into the Breach wa mwaka 2018 huchezwa juu ya ubao wa miraba 64, na kabla ya mchezaji kusogea, adui huonyesha wazi atakapopiga. Hapana siri isipokuwa ile iliyo katika kichwa cha mchezaji mwenyewe. Tena ubaoni mna majumba ya raia, na kila jumba lipigwalo hupunguza nguvu inayomweka mchezaji vitani. Yawezekana kuwaua maadui wote na bado kushindwa. Mara nyingi hatua bora ni kumsukuma adui mraba mmoja ili pigo lake liangukie mahali patupu. Mtungaji amezitia nyasi katika hesabu, na kwa kufanya hivyo ameufanya mchezo uwe mgumu zaidi, mtamu zaidi na wa kiutu zaidi kwa wakati mmoja. Basi utamu na wema si lazima viwe maadui.

Adui wa kweli wa utamu huo yuko kwingine, naye ni yule auzaye ushindi. Michezo mingi ya simu hupatikana bure, kisha ndani yake huuzwa panga kali, ngao nene au kasha la bahati ambalo mnunuzi hajui litatoa nini. Mwaka 2018 mamlaka ya kamari ya Ubelgiji iliamua kuwa makasha ya bahati katika baadhi ya michezo ni kamari kwa sheria za nchi hiyo. Uamuzi huo uligusa upande wa pesa. Upande wa maadili ni mzito vilevile. Chukua vijana wawili wa Olmotonyi, mmoja wa mwenye duka na mwingine wa kibarua wa shamba. Juu ya ubao wa bao hawana tofauti: kete 32 kwa 32. Katika mchezo unaouza ushindi, wa kwanza huingia vitani na mfuko wa baba yake, na wa pili huingia na akili yake tu. Akishindwa, hakuna kosa alilotenda. Methali isemayo mwenye nguvu mpishe, ambayo mchezo ulikuwa mahali pa kupumzikia mbali nayo, imemfuata mpaka ndani ya mchezo. Huyo ameibiwa, hata kama hakutoa shilingi.

Lipo shitaka moja lililo zito zaidi, nalo haliwezi kukwepwa. Yaweza kusemwa kuwa mchezo wa haki ni uongo mtamu. Vita vya mwaka 1896 havikuwa na mizani. Hakuna aliyehesabu mikuki ya Waarusha na bunduki za Wajerumani ili pande zilingane. Mama aliyechomewa nyumba hakuwa amekosea zamu yake. Na mtu aliyezoea mchezo ambao kila kushindwa kuna kosa la aliyeshindwa, aweza kuitazama dunia kwa jicho hilo hilo: akimwona maskini, aulize alikosea wapi, akiona taifa lililotawaliwa, aseme halikuwa na mkakati. Hapo mwalimu mwema wa mchezo amekuwa mwalimu mbaya wa maisha, kwa sababu ametoka nje ya darasa lake.

Shitaka hili haliuvunji mchezo. Laonyesha mpaka wake. Haki ya mchezo ni ya kutengenezwa. Watu wamekaa, wamekubaliana juu ya mashimo, kete na zamu, na wameapa kwa matendo yao kuwa hawatatoka nje ya makubaliano hayo. Maisha hayaletwi na makubaliano ya namna hiyo. Lakini watu waweza kuyasogeza maisha yaelekee huko, na wazee wa Meru walijua namna yake. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu Waarusha, alieleza jinsi ugomvi ulivyomalizwa kwa majadiliano: kila mgomvi alikuja na watu wake, maneno yakasemwa, pande zikapimana, mpaka mapatano yakapatikana bila hakimu wa kuyalazimisha. Huo nao ni ushindani, wenye hila zake na mikakati yake. Hata hivyo umetiwa katika kanuni, na mwenye kushindwa huondoka na uhai wake, jirani zake na nafasi ya kusema tena siku nyingine. Kama kete iliyoliwa, hakutupwa nje ya ubao.

Basi mzazi au mwalimu atakaye kuupima mchezo wa vita asianze kwa kuhesabu maiti. Na aulize mambo matatu. Je, aliyeshindwa aliliona pigo likija, au angaliweza kuliona? Je, alikuwa na hiari ya kweli, au njia ilikuwa moja tu, au ilinunuliwa? Na je, kesho ataweza kurudi na kuketi sawa na mwenziwe? Mchezo unaojibu ndiyo mara tatu humfundisha kijana mambo ambayo vita vya kweli havikumfundisha mtu: kumheshimu adui kwa sababu bila yeye hakuna mchezo, kulitafuta kosa kwanza ndani ya nafsi, na kukubali matokeo. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kisha, kijana huyo afungapo simu yake na kutoka nje, hapana budi afundishwe jambo la nne, ambalo mchezo hauwezi kulitoa: kwamba nje ya ubao wako wengi walioshindwa bila ya kosa, na deni la mwenye akili kwao ni kuwatafutia zamu waliyonyimwa.